Yakhe wa Wete, usiipake nyeupe hiyo Morris

Yakhe, weka chini hilo kopo la rangi. Kama fundi keshafika, mpe chai, mpe na mkate wa ufuta, mwambie arudi mwezi ujao. Kisha kaa unisikilize.

Umesema umemaliza kuifufua Morris Minor, ile gari ndogo ya Kiingereza ya zamani, ya marehemu babu yako hapo Wete. Umeipaka kijani kile kile mlichokikuta chini ya raba ya buti, kijani ambacho hakuna anayekijua hapo kisiwani. Sasa dalali kakwambia gari ya rangi hiyo haiuziki, ipige nyeupe upesi, kuna mwenye hoteli Unguja ataichukua ya kubebea maharusi. Ukauliza bei, uitangaze wapi, uivushe vipi kutoka Pemba, na vipuri vilivyobaki uviuze pamoja au mbali mbali. Mie nilipofika kwenye "ipige nyeupe" niliinuka kitini. Maneno hayo hayo niliambiwa mwaka 2017, Jang'ombe, mjini Unguja, mbele ya nyumba ya baba yangu, na yamenigharimu milioni kumi na tisa na laki moja za shilingi. Nimezihesabu mara nyingi mno.

Yangu ilikuwa Minor 1000 ya 1961, milango miwili, injini ya 948 cc. Baba aliinunua mkononi kwa mtu aliyekuwa anahama, akaiendesha mpaka miaka ya themanini vipuri vilipokosekana, ikalala chini ya mwembe. Kuku walikuwa wanatagia kiti cha nyuma. Kati ya hapo mtu aliwahi kuipaka buluu ya milango ya nyumba, kwa brashi. Nilipoanza kuishughulikia 2014 hakuna hata mmoja nyumbani aliyekumbuka ilikuwa rangi gani ilipotoka kiwandani. Fundi bodi wangu, mtu mzima wa Saateni, akatia bisibisi chini ya raba ya mlango wa kushoto akaivuta taratibu. Pale chini palikuwa na mstari wa njano upana wa kidole, mbichi, kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Jua halikuwahi kuufikia. Tukaenda kutafuta kwengine: ndani ya kisanduku cha dashibodi, nyuma ya kadi za milango, nyuma ya kile kiboksi cha umeme kwenye ukuta wa injini. Kote njano.

Njano ile jina lake ni Highway Yellow, na haikukaa muda mrefu kwenye orodha ya rangi za kiwanda. Huo ndio uadimu, yakhe. Rangi inakuwa adimu kwa kuwa gari chache zilipakwa, na katika hizo chache nyingi zimeshaliwa na kutu au zimeshabadilishwa na watu kama mie. Uzuri haumo katika hesabu. Kijani chako watu wa Wete wanaweza kukiona kama rangi ya matapishi, na bado kuna mtu mahali fulani duniani anakitafuta mwaka wa tano huu.

Basi nikakipeleka kifuniko cha kisanduku Dar, kwenye mashine ya kusoma rangi. Mchanganyaji akakisugua kwanza kwa kompaundi, maana rangi kuukuu juu yake huwa imepauka na mashine itasoma huo mpauko. Ilitoka sawa sawa. Miaka mitatu ya kunyoosha bodi, kukata mabati yaliyooza chini ya milango, kuagiza raba na mabreki kutoka Uingereza, jumla milioni kumi na moja bila matairi. Nikaipiga picha Forodhani saa kumi na moja jioni, nikazisambaza. Hazikupita wiki mbili bwana mmoja wa Nairobi, mkusanyaji wa gari za zamani, akanipigia. Akasema yu tayari kutoa milioni 26 akiiona na ikiwa kama ilivyo pichani, lakini atakuja baada ya miezi miwili.

Ndani ya miezi hiyo miwili akaingia dalali.

Simtaji jina, na hahitaji kutajwa, kwa sababu huyo wako ni huyo huyo kwa mwili mwengine. Alikuja na kanzu imepigwa pasi, akaizunguka gari, akagonga boneti kwa pete yake, ko ko ko, akatikisa kichwa kama daktari aliyekosa dawa. "Kaka, hii njano ni teksi. Nani atapanda teksi siku ya harusi yake?" Akasema wa Nairobi ni mnunuzi wa simu tu, hatakuja. Yeye ana hoteli ya kaskazini, pesa mkononi, milioni 30, ila wanataka nyeupe. Na fundi rangi anaye, atamleta mwenyewe kesho asubuhi.

Hapo ndipo ungelikuwepo ukanishika mkono. Mtu anayekuambia upake rangi na fundi anamleta yeye, pesa yake imo kwenye kopo. Gari iuzwe isiuzwe, keshakula kwa fundi. Mie nililipa milioni moja na laki nane ya kazi, nikampa na laki tatu ya kumtafuta huyo mwenye hoteli, na mwenye hoteli huyo sijamuona mpaka leo. Dalali alipokwisha kula, simu yake ikawa haipatikani. Nina hasira naye bado, na siyo hasira ya pesa peke yake. Aliigusa gari ya baba yangu kwa pete, akaiita teksi, nami nikamwamini yeye kuliko mstari ule wa njano niliouona kwa macho yangu.

Fundi wake alipuliza uwanjani, kusi inavuma, mchanga ukakaa kwenye rangi mbichi. Aliipiga msasa ile njano, mlango kwa mlango. Nilikuwa nimesimama pale, vumbi la njano linaniangukia viatuni. Raba hakuzitoa, kazizungushia magazeti. Na kile kibati cha namba kilichoko kwenye ukuta wa injini alikipulizia juu yake, namba zikazama kwenye nyeupe.

Bwana wa Nairobi akaja. Agosti, kwa boti ya asubuhi, siku aliyosema. Aliposhuka Jang'ombe akasimama kimya muda mrefu. Hakuuliza kitu. Akafungua mlango wa kushoto, akainua raba kwa ukucha wa kidole gumba, na ule mstari ukatoka, mwembamba, njano, katikati ya weupe wote ule. Akauangalia, akaniangalia mimi. Kisha akatoa sumaku iliyofungwa kwenye leso, akaipitisha chini ya milango na kwenye ncha za mabawa, pale ambapo hewa yetu ya chumvi hula bati kwanza. Penye pati nene, ule udongo wa kuzibia bodi, sumaku haikamati. Yangu ilikamata kote, bati lilikuwa zima. Lakini akaniuliza picha za bodi ikiwa tupu kabla ya rangi, sinazo, simu ile ilikwishaanguka baharini. Akaniuliza cheti cha kiwandani, ndiyo kwanza nasikia kuwa kipo.

Akanieleza kwa adabu. Gari iliyopakwa mwezi uliopita inamfanya mnunuzi ajiulize kinafichwa nini. Kuirudisha njano ni kutoa vioo, raba, milango, injini, na kuvua ile nyeupe yote, siyo kupuliza juu. Na hata ikirudi njano, bila karatasi itakuwa ni Morris iliyopakwa njano, na hizo kila mtu anaweza kuzitengeneza. Akasema alikuja kununua ile ya pichani. Hii anaweza kutoa milioni tisa. Nikachukua, kwa sababu nilikuwa na deni la vipuri na dalali keshaniacha na gari isiyo na mwenyewe.

Miezi minne baadaye akanitumia picha kwa WhatsApp. Alikisafisha kibati kwa thina na kitambaa, polepole, namba zikarudi. Akaziandikia kumbukumbu za British Motor Museum kule Gaydon, Uingereza, ambako madaftari ya kiwanda yamehifadhiwa. Kwa ada wanakutolea cheti: lini gari yako imetengenezwa, namba ya injini iliyotoka nayo, imepelekwa wapi, na rangi yake. Ikaja karatasi moja. Kwenye mstari wa kupelekwa: Zanzibar. Kwenye mstari wa rangi: Highway Yellow. Nilikuwa nimekaa barazani. Niliisoma mara tatu, nikaenda kumuonyesha mama.

Kwa hiyo, yakhe, ninalokuambia ni moja na nitalirudia mpaka ulichoke: usiiguse rangi mpaka karatasi ifike. Usipake, usipige msasa, usiruhusu hata mtu "kuing'arisha kidogo". Kwanza karatasi. Akija dalali, karatasi. Akija mwenye hoteli na begi la pesa, mwambie aisubiri na yeye.

Fungua boneti leo. Kibati kiko kwenye ukuta wa nyuma wa injini. Kipige picha ya karibu mchana, bila kukisugua kwa brashi ya chuma. Kama gari ni ya katikati ya miaka ya hamsini, namba itaanza na herufi tatu zenye F mbele, na ile ya tatu inaonyesha rangi, ingawa ni kwa jumla tu, kijani au kijivu, haikupi jina kamili. Za baadaye, zinazoanza na MA, hazikuambii rangi hata kidogo, ndiyo maana ya kuandika Gaydon. Watumie picha ya kibati, namba ya injini na kadi ya gari. Wakati unasubiri, usiondoe kile kijani cha chini ya raba ya buti. Kama bado kipo, acha kipande cha kiganja kizima kama kilivyo. Hicho ndicho shahidi wako, na mnunuzi mjuzi ataanza kutafuta hapo kabla hajaangalia kioo.

Na usidhani karatasi ni mapambo. Kule Uingereza, ilipotimia Minor ya milioni moja mwishoni mwa 1960, walitengeneza gari 350 za rangi ya zambarau mpauko, viti vyeupe, na kwenye boneti imeandikwa 1000000. Zambarau mtu yeyote anaweza kuchanganya, hata fundi wa yule dalali. Inayotofautisha ya kweli na ya kuiga ni namba ya chasisi na maandishi ya kiwanda, na watu wanalipa tofauti hiyo. Kijani chako ni hivyo hivyo. Bila cheti unauza maneno ya babu. Mie nayaheshimu maneno ya babu yako, lakini mtu wa Nairobi au wa London hakumjua.

Sina ugomvi na nyeupe. Kiwanda kilikuwa na nyeupe yake, Old English White, na gari iliyozaliwa nayo inapendeza sana. Yako haikuzaliwa nayo. Na hoteli inayotaka gari nyeupe ya maharusi itaipeleka ufukweni kila Jumamosi, magurudumu ndani ya mchanga wa chumvi, miaka miwili utaikuta imetoboka chini ya milango. Babu yako hakuitunza kwa ajili hiyo.

Bei umeniuliza. Sikutajii, kwa sababu hujui bado unauza nini. Gari yako leo ni Morris ya kijani. Karatasi ikija inaweza kuwa gari nyengine kabisa, na ukishataja bei ya leo huwezi kuirudisha kinywani.

Huyo fundi anakuja lini? Umesema Jumatatu. Mpigie sasa hivi umwambie asije, kisha shuka na tochi ukanipigie picha ya kibati. Na kama nacho kimeshapuliziwa kijani, usikikwangue kwa kisu. Thina kidogo kwenye pamba, pole pole, kutoka kwenye kona.