Muulize Fundi: Injini Inanguruma, Muziki Hausikiki

SWALI: Shikamoo fundi. Nina diski halisi ya Ridge Racer ya PlayStation ya kwanza. Nimeinakili kwenye kompyuta ikawa faili la ISO, nikalifungua kwa DuckStation, emuleta (programu ya kompyuta inayoiga konsoli) ya PlayStation. Mbio zinakwenda, injini inanguruma, matairi yanalia, ila muziki hakuna. Nimegusa mipangilio yote ya sauti bila mafanikio. Tena diski yangu ya GameCube, konsoli ya Nintendo, kompyuta haiitambui kabisa, na haina hata mkwaruzo. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Kwanza rudisha mipangilio ya sauti ilivyokuwa, maana haina kosa. Mkosaji ni hiyo ISO.

Diski yako imebeba vitu viwili. Mwanzoni kuna data za mchezo, kisha zinafuata nyimbo zilizorekodiwa vilevile kama kwenye CD yoyote ya muziki. Ukiitia kwenye redio ya CD utazisikia, ila anzia wimbo wa pili. Wa kwanza ni data, na makelele yake hayazifai spika. Sasa ISO huhifadhi data peke yake. Mngurumo wa injini umo kwenye data, ndiyo maana unausikia. Nyimbo zimebaki kwenye diski. Kwenye konsoli yenyewe mchezo huu hupakiwa wote kwenye kumbukumbu, hivyo uliweza kuitoa diski, ukatia CD ya mwanamuziki umpendaye na kushindana kwa nyimbo zake. Uhondo wa aina hiyo siku hizi sijauona.

Hata kwenye data ISO ni mchoyo. CD imegawanywa katika sehemu ndogo ziitwazo sekta; kila sekta ina baiti 2352, na ISO huchukua 2048 tu. Kwa CD ya kawaida ya kompyuta hakuna kinachoharibika. Lakini PlayStation huweka sauti nyingi, zikiwemo za filamu, kwenye sekta za aina nyingine, zenye baiti 2324 za maudhui, kwa hiyo ISO inazikata mkia. Ukikuta mchezo mwingine unaganda filamu ya utangulizi inapoanza, anza kushuku hapo.

Nakili upya kwa ImgBurn, programu ya kunakili diski, upate mafaili mawili: BIN na CUE. BIN ndiyo diski yenyewe, baiti zote 2352 za kila sekta. CUE ni maandishi mafupi tu, yafungue kwa Notepad ujionee: yanataja jina la BIN na mahali kila wimbo unapoanzia, kwa dakika, sekunde na vipande, vipande 75 kwa sekunde. Watu hulibadilisha jina la BIN liwe zuri, wakasahau kulibadilisha ndani ya CUE, kisha wananiandikia kwamba emuleta ni mbovu! Na ndani ya DuckStation ufungue CUE, si BIN.

Mambo yakienda sawa, geuza vyote viwili viwe CHD, faili lililobanwa, kwa chdman, programu inayokuja na MAME, emuleta ya mashine za michezo za zamani. Unapata faili moja dogo, nyimbo zikiwa zimebanwa kwa FLAC, njia ya kubana sauti bila kupoteza chochote, na ukitaka unarudi kwenye BIN na CUE yako. Binafsi sioni sababu ya kuhifadhi diski za PlayStation kwa namna nyingine, isipokuwa baadhi ya michezo ya toleo la Ulaya yenye LibCrypt, ulinzi dhidi ya kunakiliwa. Ulinzi huo huficha ufunguo pembeni mwa data, mahali ambapo BIN haifiki, hivyo michezo hiyo huhitaji faili la ziada la SBI linalobeba kilichofichwa.

Kuhusu GameCube, acha kuisugua diski. Ina kipenyo cha sentimita 8 na hubeba takriban gigabaiti 1.46, lakini data zake zimepangwa kwa utaratibu usio wa DVD ya kawaida, na visomaji vingi vya kompyuta huikataa. Tafuta Wii, konsoli iliyoifuata GameCube, ya toleo la kwanza, ile inayomeza diski za GameCube. Ikishawekewa Homebrew Channel, inayoiwezesha kuendesha programu zisizo rasmi, programu ya CleanRip itainakili diski kwenye kadi ya SD au USB. Usishangae mchezo mdogo ukitoa faili la gigabaiti 1.46 kamili: nafasi tupu hujazwa data za ovyo, ambazo ZIP haiwezi kuzibana. Dolphin, emuleta ya GameCube, inajua jinsi zilivyozalishwa, hivyo ukiligeuza faili liwe RVZ, aina yake ya faili lililobanwa, ndani ya Dolphin, litapungua sana na mchezo utabaki mzima.