Kushusha paa la pikapu la zamani: usianze na grainda

Mkuu nimekusoma, una pikapu la zamani, unataka kushusha paa inchi 3, yaani kupunguza urefu wa nguzo zinazobeba paa, hapo hapo gereji ya nyumbani na hujui uanze kukata wapi. Kwanza weka grainda pembeni. Milango ikiwa imefungwa na imekaa sawa, chomelea bomba za mraba ndani ya kabini, nguzo kwa nguzo na nyingine za mshazari, maana ukikata bila hizo kabini inajipinda na milango haifungi tena vizuri.

Kinachotesa watu ni nguzo za mbele. Zimelala kurudi nyuma, kwahiyo ukitoa inchi 3 paa likishuka ncha haziketi pamoja, ya chini inabaki mbele ya ile ya juu. Hapo ama uzilaze zaidi nguzo, ama ulikate paa katikati kwa upana uongeze kipande cha bati. Mimi ningelaza nguzo, kuchomelea bati la paa refu bila lipinde ni kazi kwelikweli. Chomelea kidogo kidogo kwa nukta fupi, hamia upande wa pili, acha lipoe, kila mara jaribu mlango.

Vioo toa vyote kabla. Cha mbele kama ni cha tabaka mbili zilizogandishwa pamoja fundi vioo anaweza kukikata, vya milango vilivyoimarishwa kwa joto havikatiki, vinapasuka vyote, agiza vipya.

Tenganisha betri, tangi la mafuta litoke kabisa, kizima moto kiwe karibu. Na kama huna uzoefu wa kuchomelea, nguzo mpe fundi anayejua, ndizo zinakulinda gari likipinduka.