Kocha hawezi kukufungia mlango, ila usikurupuke

Pole mdogo wangu, nimekuelewa: uko Marekani kwa skolashipu ya mbio, kocha aliyekuleta kahama, na huyu mpya anakutisha kwamba ukienda chuo kingine utakaa nje mwaka mzima. Hayo ya zamani. Mimi chuo kilininyima ruhusa, nikakaa msimu mzima natazama wenzangu wanakimbia nyika huku spaiki zangu ziko kwenye begi, na ilikuwa uonevu kabisa maana makocha wao walikuwa wanahama wanavyotaka. Tangu Aprili 2024 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kinaruhusu wanamichezo wa Divisheni 1, daraja lake la juu, kuhama hata zaidi ya mara moja na kushindana papo hapo, mradi masomo yako yako sawa.

Omba chuo chako kwa maandishi kikuingize kwenye portal, orodha ya mtandaoni ya wanaotaka kuhama, kina siku 2 za kazi kufanya hivyo, ila uombe ndani ya dirisha la mchezo wako, yaani kipindi kilichowekwa cha kuomba kuhama, na kabla ya hapo usiongee na kocha wa nje. Ukishaomba wanaweza kukukatia skolashipu muhula ukiisha, kwa hiyo piga hesabu ya ada na pa kulala kwanza. Na viza yako ya mwanafunzi, F-1, usiichezee kabisa, muone afisa wa wanafunzi wa kigeni mapema ili ukishapata chuo akuhamishie rekodi ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, na chuo kipya kikupe I-20 mpya, ile fomu ya kuthibitisha unasoma hapo, ikikwama tafuta wakili wa uhamiaji.