Mzazi apinga tawasifu ya vibonzo

SWALI: Mhariri, ninalea klabu ya usomaji katika shule moja ya upili hapa Kisumu. Nilipopendekeza tusome *March*, tawasifu ya John Lewis, mpigania haki za Wamarekani weusi, iliyosimuliwa kwa michoro, mzazi mmoja alinijia juu, akisema vibonzo ni vya watoto wa chekechea na kwamba mapambano ya haki za raia nchini Marekani si jambo la kufanyiwa mzaha. Nimjibuje?
Mwalimu, Kisumu

JIBU: Mwalimu, mwambie kwanza kwamba wapigania haki wenyewe walitumia vibonzo. Mwaka wa 1957 kilichapishwa kijitabu cha picha kuhusu Martin Luther King na mgomo wa watu weusi wa Montgomery, Alabama, waliosusia mabasi yenye ubaguzi, kikauzwa kwa senti 10, na Lewis alikuwa miongoni mwa vijana waliojifunza humo namna ya kuikabili dhuluma bila kurusha ngumi. Alipokubali maisha yake yachorwe, naye keshakuwa mbunge wa miaka mingi, alikuwa anairudia njia aliyoijua.

Vitabu ni vitatu, vilivyotoka kati ya 2013 na 2016. Andrew Aydin alishirikiana na Lewis kuviandika, naye Nate Powell akavichora kwa nyeusi na nyeupe tu. Kicheko kimo, sikatai: kuna mtoto wa shamba huko Alabama anayewahubiria kuku wake, na siku wanapochinjwa hataki hata kuionja nyama. Lakini mtoto huyo ndiye anayekuja kusimama mstari wa mbele kwenye daraja la Selma, mji wa huko huko Alabama, tarehe 7 Machi 1965, pamoja na waandamanaji wapatao 600 waliodai haki ya kupiga kura, akapigwa rungu la askari hadi fuvu likapasuka. Sioni mzaha hapo.

Kwa wanafunzi wako, masimulizi haya hayako mbali sana. Yanaanzia na kurudi mara kwa mara kwenye siku ya kuapishwa kwa Barack Obama, Januari 2009, ambaye Kogelo kwa kina babake ni mwendo mfupi tu kutoka hapo ulipo. Na kitabu cha tatu kinamfikisha Lewis Nairobi mwaka wa 1964, anapokutana na Malcolm X, mtetezi mwingine wa Wamarekani weusi.

Jambo moja ambalo mzazi ana haki ya kuliuliza ni lugha, kwani matusi ya kibaguzi yameachwa yalivyotamkwa. Yasome mwenyewe kwanza, uamue utakavyoyaeleza darasani. Kisha mwazime mzazi huyo kitabu cha tatu, akae nacho siku mbili, ndipo mkutane.