Moyo Wangu Mzima, Nimepimwa Mara Tatu

Juzi saa nane usiku kuna dada kaniandikia inbox. Kapimwa moyo mara mbili, presha iko sawa, daktari kamwambia apumzike, na bado kila akipanga foleni benki jasho linamtoka, mwili unatetemeka, anaona anakufa palepale. Kamalizia: "dada, au nimerogwa?"

Nilimjibu kwa kifupi ila nikaona niandike na huku, maana najua hayuko peke yake, na nyie mnaonisoma wengi ni wapambanaji, una fremu yako, una kikoba, una ada za watoto, hutaki kabisa kusikia habari ya ugonjwa wa wasiwasi, usioonekana kwenye kipimo. Mimi pia sikutaka.

Ilinikuta kwenye daladala ya Gongo la Mboto kwenda Kariakoo, asubuhi, foleni ya Tazara haisogei. Nimesimama, kwapa la mtu liko usoni kwangu, konda anasema sogeeni nyuma kuna nafasi kumbe nafasi ipo mdomoni mwake tu. Ghafla moyo ukaanza kwenda mbio, vidole vikaingia ganzi, midomo inachonyota kama nimepakwa pilipili, pumzi naivuta haifiki. Nikapiga kelele "shusha! shusha!" Konda akasema "mpisheni mama ana uchungu huyo," gari zima likacheka. Nikashuka nikakaa kwenye ukingo wa mtaro, baada ya kama dakika kumi nikawa mzima kabisa. Nikapanda bodaboda nikarudi nyumbani. Hapo kwenye kurudi nyumbani ndo nilipoharibu, nitaeleza.

Nikapimwa moyo, kile cha kubandikwa waya kifuani, mara tatu. Nikapimwa damu, nikapimwa na tezi ya shingo maana nayo ikizidi inaweza kukupelekesha mbio moyo. Kote safi. (Na wewe anza hapo, usijiambie ni wasiwasi kabla hujapimwa.) Nikanywa kombe, nikaombewa. Halafu dada yangu wa tumbo moja akaandika kwenye grupu la ukoo: mtu mzima unaogopa daladala, si useme tu umechoka kufanya kazi. Grupu lina watu 41, hakuna aliyenitetea, kuna mmoja kaweka kikatuni cha kucheka na jina lake ninalo mpaka leo.

Daladala nikaacha, nikawa naenda na boda. Baadaye hata Mtaa wa Kongo wenyewe, huko Kariakoo kwenye duka langu, ukanishinda, ule msongamano. Nikaweka binti dukani. Miezi minane tu fremu nikarudisha kwa mwenyewe. Duka la nguo za watoto nililolijenga kwa miaka sita, aisee.

Nilivyompata mwanasaikolojia ni habari ndefu naomba niiruke. Siku ya kwanza kanipa karatasi yenye maswali 7 kuhusu wasiwasi wako wa wiki mbili zilizopita, kila swali unajipa 0 hadi 3, mwisho kabisa ni 21. Mimi nilipata 17. Nikategemea anipe pole. Akaniambia, "Sasa vuta pumzi harakaharaka, kwa nguvu, dakika moja, mimi nahesabu."

Nikavuta. Ilipofika kama sekunde arobaini vidole vikaingia ganzi, midomo ikachonyota, kichwa kikawa chepesi. Vilevile vya Tazara! Nimekaa kwenye kiti cha plastiki, feni inazunguka, hakuna daladala hakuna mchawi. Akanieleza kwamba mtu akihema sana anatoa hewa ya kaboni nyingi kuliko inavyotakiwa na hiyo ganzi inatokea hapo, na moyo kwenda mbio ni mwili unajiandaa kukimbia au kupigana. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, basi mimi unyasi wangu ulikuwa mapigo ya moyo wangu mwenyewe. Yakiongezeka kidogo nasema nakufa, nikisema nakufa yanaongezeka tena.

Tiba yenyewe ni ya maongezi na mazoezi. Alisema chanzo chake ni daktari mmoja Mmarekani, Aaron Beck, miaka ya 1960 huko Philadelphia, aliyegundua wagonjwa wake wana mawazo yanapita chapchap kichwani na wanayaamini bila kuyahoji. Kwaiyo nikanunua kaunta buku. Kabla ya kutoka naandika ninachokiogopa: "nitazimia kituo cha Banana, naamini asilimia 90." Nikirudi naandika kilichotokea: "sijazimia, nimekanyagwa." Kituo kimoja, kesho viwili. Sheria ilikuwa moja, hofu ikipanda usishuke kwenye gari, kaa mpaka hofu ishuke yenyewe. Maana kila nilipokimbia nilipata nafuu, na ile nafuu ndo ilikuwa inanifundisha kwamba daladala inaua.

Vikao 14, elfu arobaini kila kimoja, na kuna wiki nilimchukia yule mama mwanasaikolojia. Wiki iliyopita nimesimama kutoka Gongo la Mboto mpaka Kariakoo saa moja asubuhi bila chupa ya maji mkononi, bila kukaa karibu na mlango. Nilitaka kuiposti kwenye grupu la ukoo nikajizuia.

Sasa nyie mnaomwambia mtu "usiwaze sana," acheni. Angeweza kuacha angeacha. Sali, mimi nasali, lakini hata mguu ukivunjika unasali huku umefungwa plasta. Na dawa za usingizi za kununua kimyakimya duka la dawa acheni pia, nyingine zinaleta uteja. Zipo dawa sahihi za wasiwasi, za kumeza kila siku na zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi, ila uandikiwe na daktari.

Wewe dada wa foleni ya benki, kesho nenda upange, ukitetemeka tetemeka hapohapo kwenye mstari, halafu niandikie.

Mimi nimebakiza pantoni. Shangazi yangu yuko Kigamboni, miaka miwili namzungukia kwa daraja nasingizia parking. Jumapili nimemwambia nakuja na pantoni, ameniuliza kama nimeuza gari.