Kichupa kimoja cha Botox, watu watano

SWALI: Shikamoo daktari. Mwezi ujao tuna kicheni pati ya rafiki yetu, Mbezi Beach. Kamati imempata muuguzi atakayetuchoma Botox, dawa ya kulainisha mikunjo, katikati ya nyusi, na fila, jeli ya kujaza midomo, palepale sebuleni kabla ya sherehe kuanza. Anasema kichupa kimoja cha Botox kinatosha watu watano, ndiyo maana bei ni nafuu. Dawa ataileta kwenye hotpoti yenye barafu. Ni kweli kinatosha? Na kuna hatari gani?
Msomaji, Kinondoni

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hesabu yake ni sahihi. Kichupa cha kawaida kina yuniti 100, na mikunjo ya katikati ya nyusi huchukua 20. Lakini maelekezo ya mtengenezaji yanasema kichupa ni cha mtu mmoja, kikao kimoja, na kikishachanganywa kitumike ndani ya saa 24. Mkichangia kichupa, bomba la sindano lililotoka usoni kwa mwenzako likirudi kuchota humo, hata likiwekwa sindano mpya, linaweza kubeba damu ambayo jicho halioni. Hapo tunazungumzia homa ya ini na VVU.

Hiyo hotpoti nayo! Dawa hii hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, na ikiharibika kwa joto la kwenye foleni ya Mwenge haibadiliki rangi. Mtalipa na mikunjo ibaki palepale. Afadhali hiyo kuliko dawa bandia. Mwaka 2024 huko Marekani, watu 22 katika majimbo 11 walidhurika baada ya kuchomwa Botox bandia au iliyotunzwa vibaya, wengine majumbani, na baadhi walilazwa hospitali.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni fila. Ni jeli, mara nyingi ya asidi ya hayaluroni, na ikiingia kwenye mshipa wa damu inauziba. Kwenye ngozi zetu weupe wa kukosa damu hauonekani upesi, kwa hiyo mchomaji makini huugeuza mdomo, hutazama kwa ndani, hubonyeza kwa kidole na kuachia. Rangi inatakiwa irudi ndani ya sekunde mbili hivi. Ikichelewa, au ngozi ikianza mabakamabaka, anachoma papo hapo hayaluronidesi, dawa ya kuiyeyusha jeli hiyo. Usisubiri maumivu yakuambie, maana fila nyingi zina ganzi ndani yake. Mara chache jeli husafiri hadi mshipa wa jicho, hasa ikichomwa puani au katikati ya nyusi, na jicho likikosa damu kwa dakika 90 hivi huenda lisione tena. Sasa toka Mbezi Beach hadi Muhimbili Jumamosi jioni, halafu uniambie umetumia dakika ngapi.

Na kama ndani ya bomba kuna silikoni badala ya jeli hiyo, hiyo haiyeyushwi na chochote.

Halafu, samahani, hata ratiba yenu imekosewa. Botox huanza kufanya kazi baada ya siku tatu hadi tano na hukamilika kama wiki mbili baadaye. Midomo nayo huvimba siku hiyohiyo. Mtakwenda kwenye picha na mikunjo yenu yote, midomo ikiwa imevimba kama mmeumwa na nyuki. Mvinyo wa sherehe utaongeza michubuko. Tena ni nani atakayesema "mimi sitaki" wakati wenzake wanampigia vigelegele?

Mkiwa bado mnataka, nendeni kliniki yenye daktari aliyesajiliwa, mmoja mmoja, wiki tatu kabla. Kila mtu aone kichupa chake kikifunguliwa na aipige picha namba ya toleo. Ila leo hii mpigie huyo muuguzi, umuulize anabeba hayaluronidesi kiasi gani kwenye begi lake. Akikujibu "hayalu nini?", hela zenu ziongezeni kwenye vyombo vya bibi harusi.