Mgeni haombi taa

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema kuta zimesimama, paa limeshaezekwa, mafundi wanasubiri neno lako kabla ya kupiga lipu, na wewe na mwenzio hamjaelewana: mfumo wa nyumba janja, wa kuamrisha taa na vifaa, uwe ule wa waya anaousifia fundi wenu, au ule usio na waya ambao mwenzio ameupenda. Mimi niliyefundisha vijana kuvuta waya mpaka nikastaafu ndiye niamue. Haya. Ila kabla ya mfumo, niambie kwanza: bibi yako akija kulala hapo, taa ya chooni ataiwashaje?

Usicheke. Habari ya ile sikukuu kwa mjomba wako umeisikia kwa mjomba mwenyewe, na ya mjomba wako huwa yana chumvi. Mimi nilikuwepo.

Alikuwa amebadilisha balbu zote, kaweka zile zinazotii simu. Ubaya wa balbu hizo ni kwamba ukizima swichi ya ukutani, balbu inakosa umeme, na simu haiioni tena. Dawa aliyoipata mjomba wako ni utepe mweupe wa kunata. Kila swichi ya nyumba ile ilibandikwa utepe, na juu yake kaandika kwa kalamu nene: USIGUSE. Hata ya chooni.

Usiku wa manane mama, yaani bibi yako, akaamka. Simu yake unaijua, ya vibonyezo. Nikamsikia anapapasa ukuta wa korido, kisha nikasikia kitu kinakwanguliwa. Nilipotoka nilimkuta anaubandua ule utepe kwa ukucha wa kidole gumba, polepole, kama anayemenya yai la moto. Akabonyeza, kimya. Akabonyeza tena, taa ikawaka. Akanigeukia: "Kumbe ni nzima."

Asubuhi mjomba wako akasimama sebuleni mbele ya wakwe zake, simu mkononi, akauliza nani kaharibu mfumo. Mama akaweka kikombe chini. "Hakuna aliyeharibu kitu. Mimi nimewasha taa." Watu wakacheka, na yeye akacheka. Mimi sikucheka, na mpaka leo sicheki, kwa sababu tangu siku ile mama akienda kwa mwanawe hubeba tochi mkobani. Kwa mwanawe wa kumzaa! Mgeni haombi taa, nimelisema hili tangu mkiwa wadogo, na mama pale si hata mgeni.

Lakini ngoja, nisimwonee ndugu yangu. Nyumba ile ile, kifaa kidogo alichokiweka chini ya sinki kilimwambia maji yanavuja naye akiwa safarini. Akampigia jirani, koki ikafungwa, kabati halikuoza. Hapo nilimvulia kofia. Kwa hiyo si kwamba nayachukia mambo haya. Kifaa kinacholinda nyumba usipokuwepo, kiweke. Kinachosimama kati ya mkono na taa, hapo ndipo ninapogomba.

Sasa mifumo. Huo wa fundi wenu, kama waya wake ni wa kijani, bila shaka ni KNX. Umekuwepo tangu miaka ya 1990, mwanzoni ukiitwa EIB. Ule waya hubeba volti 30 hivi pamoja na amri: swichi inatuma ujumbe, kifaa kilicho kwenye bodi ya umeme kinawasha taa. Hauna ubongo mmoja wa kufa na vyote, kila kifaa kina akili yake, na vifaa vya kampuni nyingi tofauti vinaelewana. Intaneti ikikatika haujui hata kama imekatika. Kwa hilo naupenda. Nisichokipenda ni kwamba hupangwa kwa programu maalumu, iitwayo ETS, na fundi akiondoka na faili ya mradi wenu, siku mkitaka swichi moja ibadilishe kazi mtamtafuta yeye, au mwingine aanze upya. Mkiuchukua, faili hiyo mkabidhiwe siku mnapomalizia malipo. Siyo kesho yake.

Huo wa mwenzio, usio na waya, nao una sifa zake. Unaongeza kifaa leo, kingine mwakani, bila kubomoa. Vifaa vya Zigbee na Thread, yaani njia mbili za mawimbi ambazo vifaa hivyo huongea kwazo, hupitishana ujumbe kifaa kwa kifaa, hivyo vikitapakaa nyumbani vizuri vinafika mbali. Lakini ukuta wa zege wenye nondo hauna huruma na mawimbi, na nyumba yenu nimeona picha, zege mmemwaga kweli kweli. Zamani kila kampuni ilikuwa na vifaa visivyosalimiana na vya jirani. Siku hizi kuna kiwango cha pamoja kiitwacho Matter, toleo lake la kwanza lilitoka Oktoba 2022, na kifaa chenye alama hiyo huweza kuamriwa humo humo ndani bila kupitia seva ya mbali, yaani kompyuta ya kampuni iliyoko huko nje. Mwambie mwenzio aitafute alama hiyo kwenye boksi kabla ya kutazama rangi.

Nasema seva ya mbali kwa sababu. Kulikuwa na kifaa kiitwacho Revolv, cha kuunganisha vifaa vyote vya nyumba. Kampuni ya Nest iliinunua kampuni yake mwaka 2014, na Mei 2016 huduma ikafungwa. Kifaa kizima, hakijaungua wala kuanguka, kikawa pambo la mezani. Mwaka 2022, mwezi wa Aprili, wenye vifaa vya Insteon nao waliamka wakakuta seva kimya, hakuna aliyewaaga. Kwa hiyo fundi au muuzaji akikusifia mfumo wowote, muulize hivi: nikichomoa intaneti sasa hivi, swichi hii itawasha taa ile? Akianza na "inategemea", mpe maji ya kunywa umsindikize.

Lakini mwanangu, wewe unaniuliza kitu cha miaka kumi wakati fundi yuko hapo na ukuta ulio wazi, na ukuta ni wa maisha. Huko ndiko ningekuwa nimesimama sasa hivi kama goti lingeniruhusu. Kila boksi la swichi lifikiwe na nyutro, ule waya unaokamilisha mzunguko wa umeme. Mafundi wengi hupeleka laini, waya unaoleta umeme, na waya wa kutoka swichini kwenda kwenye taa, basi, kwa kuwa swichi ya kawaida haihitaji zaidi. Swichi janja nyingi zinahitaji nyutro ili zenyewe zipate umeme, na zile zinazojidai hazihitaji mara nyingi huzifanya taa za LED zimetemete hata zikiwa zimezimwa. Maboksi yawe yale yenye kina, maana kifaa cha kujificha nyuma ya swichi kina tumbo. Kila chumba kipate paipu moja tupu hadi kwenye bodi, na kamba ya kuvutia iachwe ndani. Kebo za mtandao zipande hadi darini, pale vitakapokaa vifaa vya Wi-Fi, na kebo moja isizidi mita 100. Kisha, kabla ya lipu, piga picha kila ukuta, futikamba ikionekana. Miaka ijayo utataka kutoboa ukuta utundike kabati, utanishukuru.

Najua bado unangoja nitaje mmoja. Sitaji. Nyumba ni yenu wawili, na nikitaja mmoja, mwingine atakuwa ameshindwa na mama mkwe au na mama mzazi, na hilo halitoki kwenye meza ya chakula. Ingawa waya wa kijani ukilazwa sasa hivi wakati ukuta uko wazi, hata msiponunua kifaa kimoja, haumzuii mwenzio kuweka vitu vyake visivyo na waya juu yake, wakati kinyume chake... Hapana. Nimesema sitaji.

Swichi za ukutani tu ndizo siwaachii mjadala. Ziwepo, zifanye kazi, na zisibandikwe kitu. Mgeni haombi taa.

Nitumie hizo picha za kuta kabla ya lipu. Na fundi akisema nyutro kwenye swichi ni kupoteza waya, usibishane naye, mpe simu niongee naye mimi.

Mama yako